Klondike, FreeCell au Spider: karata za peke yako na subira unayoikosa

Kazi yangu ni mapokezi ya usiku kwenye nyumba ya wageni hapa Morogoro. Ikishapita saa sita, basi la mwisho likishashusha watu wake, kinachobaki ni mbu, redio ya mlinzi na dawati. Zamani nilikuwa namalizia bando kwenye simu mpaka macho yanawasha. Siku hizi nacheza karata, peke yangu. Mwaka jana nilimfundisha na mpwa wangu, aliyekuja kukaa kwangu akisubiri matokeo ya kidato cha nne. Kijana mzuri, ila alikuwa hawezi kukaa na jambo moja dakika kumi. Nilidhani nikimpa mchezo mmoja, wowote ule, subira itakuja yenyewe. Haikuja. Nilikuwa nimempa mchezo usio wake.

Waingereza, Wafaransa na Wajerumani wana neno moja la kuita michezo hii yote, na maana yake ni subira. Jina zuri, ila linaficha kitu. Kungoja usichokijua ni subira ya namna moja. Kufikiri kabla mkono haujagusa ni nyingine. Na kufagia ua huku ukijua jioni mwembe utamwaga majani yale yale, hiyo nayo ni yake. Mtu anaweza kuwa na moja na nyingine hana kabisa, kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kununua pakiti ni unakosa ipi.

Maneno mawili matatu ili tusipotezane: aina za karata ni shupaza na pau, ambazo ni nyeusi, na kopa na uru, ambazo ni nyekundu. Ree ni ile yenye alama moja. Nyumbani ni pale pembeni, ambako kila aina inajengwa kuanzia ree mpaka mfalme. Zote 52 zikifika nyumbani umeshinda.

Klondike: unaamua hujaona

Huu ndio ambao wengi wanaujua kama "karata za kompyuta". Jina limetoka eneo la Yukon, Kanada, ambako watu walikimbilia dhahabu mwishoni mwa miaka ya 1890, na linaufaa, maana unachimba bila kujua kilicho chini. Microsoft waliuweka kwenye Windows 3.0 mwaka 1990. Aliyeuandika, Wes Cherry, alikuwa kijana wa mafunzo kazini pale, na mchezo ukawa mwalimu wa kipanya kwa watu ambao hawakuwahi kukishika. Mara yangu ya kwanza kuuona ilikuwa kupitia dirisha la ofisi moja ya umma, sisi tuko foleni jua la saa saba, karani ndani anahamisha malkia. Siku ile waliofundishwa subira ni sisi wa nje.

Unapanga safu saba, ya kwanza karata moja, ya pili mbili, hadi ya saba yenye saba. Jumla 28. Ya juu tu kwenye kila safu ndiyo inafunuliwa, kwa hiyo 21 zimelala kifudifudi na 24 zimebaki mkononi. Kwenye safu unashuka namba ukipishanisha rangi, nane nyeusi juu ya tisa nyekundu. Safu ikiwa tupu, anayeruhusiwa kuikalia ni mfalme peke yake. Za mkononi unafunua moja moja, au tatu tatu ukitaka ugumu, na hapo unatumia ya juu tu.

Kinachofundishwa hapa ni kutofanya jambo kwa sababu tu linawezekana. Mpwa wangu usiku wa kwanza alipata tano ya kopa, nne yake tayari iko nyumbani. Akaipandisha haraka, akapiga na makofi. Karata tatu baadaye ikafunuka nne ya pau, nayo inatafuta tano nyekundu ya kukalia. Ya uru ilikuwa imefukiwa chini, ya kopa ndiyo hiyo ameshaipeleka. Chini ya nne ile kulikuwa na karata tano zimefungwa. "Mjomba, imekwama yenyewe," akasema. Imekwama yenyewe! Kosa lingine la wageni ni kuhangaika kumaliza safu fupi wapate nafasi tupu wakati hawana mfalme wa kuiweka. Nafasi inakaa wazi, haina kazi, kama fremu ya duka isiyo na mtaji.

Ila kuna upande wa pili. Kwenye Klondike unaweza kucheza vizuri kabisa na bado ukashindwa. Waliofanya hesabu kwa kompyuta wanasema kwa mtindo wa kufunua tatu tatu, kama karata zote zingekuwa wazi, karibu michezo 82 katika kila 100 ina njia ya kushinda. Wewe huzioni, kwa hiyo utashinda mara chache mno kuliko hapo. Kwenye daftari langu, michezo hamsini ya mwanzo nilishinda minane.

Kwa hiyo nampendekezea nani? Yule anayejilaumu kwa kila kitu, anayelala anawaza "ningefanya vile". Klondike itampiga usiku hadi usiku bila kosa lake, mpaka azoee kukusanya karata, kuchanga na kugawa upya bila kinyongo. Kwa mtu wa namna hiyo ni dawa. Kwa yule mwingine, ambaye kila baya kwake ni bahati, gundu au watu wabaya, mchezo huu ni sumu, utamthibitishia alichokuwa anakiamini tangu mwanzo. Mpwa wangu alikuwa wa kundi hili la pili. Hata matokeo kabla hayajatoka alishaanza kumsema msahihishaji.

FreeCell: hakuna wa kumsingizia

Hapa karata zote 52 zinalazwa wazi tangu mwanzo, safu nane, nne za kwanza saba saba na nne za mwisho sita sita. Hakuna iliyofichwa na hakuna ya mkononi. Pembeni una nafasi nne tupu, kila moja inabeba karata moja kwa muda. Kwa kazi yangu mimi naziita vyumba. Na kama ilivyo kazini, nyumba ikijaa huna pa kumlaza mgeni, hata awe ndugu yako.

Mchezo kwa sura hii ulitengenezwa na Paul Alfille mwaka 1978, kwenye mtandao wa kompyuta wa PLATO wa Chuo Kikuu cha Illinois. Ulipoingia kwenye Windows ukawa na michezo 32,000 yenye namba. Mwaka 1994 mtu aitwaye Dave Ring akawakusanya watu wa kujitolea kwa intaneti, wakagawana namba hizo zote wazijaribu. Mwisho wa kazi ilibaki moja tu iliyowashinda, namba 11982, na programu za kompyuta zilizoijaribu nazo zilinyoosha mikono. Yaani ukishindwa FreeCell, ni karibu hakika njia ilikuwepo na wewe hukuiona.

Nilipomwambia mpwa wangu habari hiyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo huu niliopanga hapa una njia?" Nikamwambia karibu hakika unayo. Alikaa na mpangilio mmoja kutoka saa tano mpaka saa nane kasoro. Sijawahi kumwona hivyo.

Somo la FreeCell ni deni. Vyumba vyote vinne vikiwa tupu, unaweza kuhamisha mfululizo wa karata tano kwa mpigo. Kimoja kikijaa zinakuwa nne, viwili tatu, na vyote vikijaa unahamisha moja moja, umebanwa. Ukipata safu nzima tupu ya kupitishia, idadi inaongezeka mara mbili, na vyumba vinne pamoja na safu hiyo vinakupa karata kumi. Kila unapoweka karata chumbani umekopa, na mkopo wa kwanza hauumi. Wa pili nao hauumi. Wa nne ndio kausha damu. Nimewaona watu wenye mishahara mizuri wanaishi hivyo, wanakopa huku kulipa kule, na siku linapokuja jambo dogo kabisa, mtoto amevunja miwani, hakuna hata chumba kimoja cha wazi.

Kuna usiku nilikuwa nimebakiza chumba kimoja, saba ya shupaza iko njiani, chini yake ree ya uru ninayoitafuta. Nilikuwa nimeweka mikono mgongoni, ndiyo sheria yangu, mpaka niwe nimehesabu hatua sita mbele. Mgeni wa chumba namba sita akashuka kuomba taulo. Akasimama, akaangalia dawati. "Kaka, si uiegeshe tu hiyo saba pale?" Ingeegesheka. Ree ingeenda nyumbani. Na kilichokuwa chini ya ree ni mfalme wa pau, ambaye hana pa kwenda bila safu tupu, na mimi ningekuwa sina chumba. Nilimpa taulo yake. Njia ilikuwa upande wa pili kabisa, kwenye safu ambayo sikuwa nimeigusa tangu mwanzo, kwa kuhamisha tatu nyekundu isiyokuwa na umuhimu wowote machoni.

Kasoro yake ipo. FreeCell ikikukolea unaanza kudhani kila jambo lina njia na aliyeshindwa ni mzembe. Maisha hayalazi karata zake wazi hivyo. Ninaposikia naanza kuwahukumu watu, narudi Klondike wiki nzima.

Spider: unapanga, inavurugwa

Spider, yaani buibui, unataka pakiti mbili, karata 104, na nafasi. Safu kumi hazienei kwenye dawati langu, kwa hiyo huu naucheza nyumbani kwenye mkeka, siku ya mapumziko, feni imezimwa. Usipozima feni utacheza na upepo. Umeme ukikatika kwetu, kwa mchezo huu ni neema.

Unalaza karata 54, safu nne zikiwa na sita sita na sita zikiwa na tano tano, za juu tu zikiwa wazi. Zinabaki 50 za kumwagwa kwa mikupuo mitano ya karata kumi kumi. Lengo ni kujenga mfululizo wa aina moja kutoka mfalme hadi ree, mara nane. Unaweza kulaza karata juu ya nyingine ya namba inayofuata bila kujali aina, lakini utakaouhamisha kwa pamoja ni mfululizo wa aina moja tu. Hapo ndipo mtego ulipo. Ukilaza sita ya kopa juu ya saba ya pau mambo yanaonekana yanaenda, na kila njia ya mkato ya namna hiyo ni fundo utakalolifungua baadaye ukiwa umechoka.

Halafu ule mkupuo. Umehangaika nusu saa, safu tatu zimenyooka, malkia, jeki, kumi, tisa, zote shupaza, zinapendeza. Huna tena cha kusogeza. Unamwaga kumi, na kila safu inapokea karata yake, pamoja na zile nzuri. Juu ya tisa yako ya shupaza inatua mfalme wa uru. Na sheria inakukataza kumwaga kama kuna safu tupu, kwa hiyo hata ile nafasi uliyoitunza lazima uijaze kwanza. Mama yeyote wa watoto wadogo anaujua mchezo huu bila kushika karata.

Nampendekezea mtu ambaye ni mzuri wa kuanza mambo na anakata tamaa yakivurugwa mara ya kwanza. Ila asianze na aina nne, atatupa pakiti zote mbili kwenye shimo la taka. Aanze kwa kuzihesabu karata zote kama aina moja, yaani usiangalie alama, angalia namba tu. Akishashinda mara kadhaa, atofautishe nyekundu na nyeusi. Aina nne ni za wastaafu na watu wa ajabu. Mimi nimewahi kuumaliza mara moja, na nilikosa wa kumwamsha nimwambie.

Midogo ya pembeni

Saa: marundo 13 ya karata nne nne, 12 yakizunguka kama uso wa saa, la 13 katikati. Unafunua ya katikati, unaipeleka kwenye saa yake (jeki kumi na moja, malkia kumi na mbili, mfalme katikati), unachukua ya juu ya rundo hilo, unaendelea. Mfalme wa nne akifunuka kabla zingine hazijaisha, basi. Huamui chochote, na uwezekano wa kushinda ni mmoja katika 13, uwe profesa uwe mtoto. Unafaa mgonjwa aliye kitandani na mtoto anayejifunza kusoma saa.

Piramidi: karata 28 kwa umbo la piramidi, unaondoa mbili mbili zinazojumlisha 13, mfalme anaondoka peke yake. Kwa mtoto wa darasa la pili ni bora kuliko madaftari mengi ya mazoezi ya kujumlisha. Kushinda ni nadra, mwambie mapema.

Pakiti au simu

Hapa sina uvumilivu. Kama lengo ni kupitisha muda, simu inatosha. Kama lengo ni kujifunza kitu, simu imeondoa sehemu zenye somo. Ina kitufe cha kurudisha nyuma, kwa hiyo kosa halina bei. Programu nyingi zinakupa michezo iliyohakikishwa kuwa na njia, na Klondike yenye uhakika sio Klondike tena. Na kila ukimaliza linakuja tangazo la mikopo, ambalo ukilikubali utahitaji FreeCell kweli kweli.

Pakiti inakulazimisha kuchanga. Wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha mwaka 1992 kwamba pakiti inahitaji kuchangwa karibu mara saba, kwa ule mtindo wa kupachanisha nusu mbili, ndipo ichanganyike sawasawa. Mara saba, kila mchezo, baada ya kushindwa. Hasira nyingi zinaishia hapo mkononi.

Na pakiti inakuachia nafasi ya kuiba. Nilimkuta mpwa wangu usiku mmoja anainua ncha za karata za safu ya saba, anachungulia kama anayeonja ugali wa jirani.

"Unafanya nini?"

"Mjomba, si niko peke yangu?"

"Na aliyeibiwa ni nani?"

Alicheka, ila alizirudisha. Kule stendi wapo vijana wa karata tatu, wanaoishi kwa kuwazidi watu macho. Huku hakuna macho mengine zaidi ya yako. Mimi nachungulia hadi leo nikiwa na usingizi, sitasema uongo, na kila nikichungulia ule mchezo siuandiki kwenye daftari.

Daftari lenyewe nalipendekeza, tarehe, jina la mchezo, umeshinda au la. Stanislaw Ulam, mwanahisabati wa Kipolandi aliyewahi kufanya kazi Los Alamos, maabara ya silaha za nyuklia ya Marekani, alikuwa anapona maradhi ya ubongo mwaka 1946 na akawa anacheza Canfield, ndugu wa karibu wa Klondike. Akajiuliza uwezekano wa kushinda ni kiasi gani. Alijaribu kwa hesabu safi, ikamchosha. Akafikiri: si bora kuucheza mara mia na kuhesabu? Kutoka hapo yeye na John von Neumann wakatengeneza njia ya kukokotoa mambo magumu kwa kubahatisha mara nyingi, inayoitwa Monte Carlo kwa jina la mji wa kamari, na hadi leo inatumika kwenye fizikia na kwenye fedha. Daftari langu halijafika huko. Lakini limenionyesha kwamba nikicheza baada ya saa tisa usiku nashindwa FreeCell karibu kila mara, na tangu nilione hilo sijumlishi tena mapato ya siku muda huo. Nayajumlisha saa nne.

Neno kwa walio kwenye nyumba ambazo karata ni mwiko: hapa hakuna dau wala mshindani, lakini kama wazee wa nyumba wanaona karata ni karata tu, usiziingize kwa mlango wa nyuma kwa jina la subira. Subira ya kumheshimu mzee nayo ipo.

Wala sidai kwamba bingwa wa FreeCell atakuwa mpole kwenye foleni ya benki. Nimemjua mmoja, si mpole. Ninachokiona ni kidogo zaidi: mkono unajifunza kusimama kabla ya kugusa, na mara chache, si kila mara, mkono huo huo unasimama kabla ya kutuma ujumbe wa hasira.

Mpwa wangu baada ya Klondike kumharibu tulikaa na FreeCell miezi miwili, kisha akaomba mwenyewe kurudi Klondike. Safari hii alikuwa anashindwa na kugawa upya bila maneno. Matokeo yalipotoka hayakuwa ya kupigiwa vigelegele, akajiandikisha ufundi umeme. Pakiti aliondoka nayo. Ilikuwa imepoteza tisa ya pau siku nyingi, na mahali pake tulikuwa tumeweka karata ya joker yenye maandishi ya biki, "9 PAU", kwa mwandiko wake. Nimenunua nyingine. Ni mpya mno, inateleza wakati wa kuchanga, na jana karata mbili ziliangukia chini ya jokofu la soda.